Amana ya Mwili Katika Baridi Kali

Mwenyezi Mungu anapotuhesabia neema Zake katika Sura An-Nahl, ataja jambo ambalo msomaji wa nchi ya joto aweza kulipita bila kulitazama. Atufahamisha kwamba katika wanyama aliowaumba kwa ajili yetu mna kitu cha kututia joto (16:6). Tena, mbele kidogo katika sura hiyo hiyo, ataja sufu na manyoya na nywele za wanyama hao (16:81), kisha mavazi ya kutukinga (16:82). Mambo hayo yametajwa pamoja na neema kubwa kubwa, kama vile mvua, maziwa, asali na nyota za kuwaongoza wasafiri. Basi kujikinga na baridi si jambo dogo la anasa. Ni neema ambayo Mola ametaka tuijue, tuitumie, na tumshukuru kwayo.

Huenda msomaji wa Wete au Chake Chake akauliza: Somo hili latuhusu nini sisi wa Pemba? Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wetu wengi leo wamo ughaibuni, katika Uingereza, Canada, Sweden, Denmark na kwingineko, ambako baridi huua watu kila mwaka. Pili, baridi yaweza kumwua mtu hata hapa katika bahari yetu, na watu wengi hawalijui hilo. Tutaeleza yote mawili, Inshallah.

SUBIRA ISIYO MAHALI PAKE

Mtu wa Pemba aijua baridi ya Kipupwe. Upepo wa Kusi unapovuma kati ya Juni na Agosti, wazee huvaa makoti juu ya kanzu, na watoto huenda chuoni alfajiri wakijikunyata. Lakini baridi hiyo ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20 za Sentigredi. Humsumbua mtu, wala haimdhuru. Ndiyo maana tumelelewa kuambiwa, “Vumilia, jua litatoka.”

Kijana aliyelelewa hivyo afikapo Toronto au Stockholm mwezi wa Januari, huchukua elimu ile ile ya Kipupwe akaitumia huko. Huona kwamba baridi ni jambo la kuvumiliwa. Huona haya kuvaa nguo nyingi, na huona haya zaidi kuuliza. Sisi tunaofundisha katika vyuo vya dini vilivyoko nchi hizo huwapokea vijana wa namna hii, na wengine miongoni mwao hutuuliza kwa unyofu kabisa: Je, kuiogopa baridi si udhaifu wa imani? Je, mwenye kuswali Alfajiri nyumbani kwa sababu ya theluji hapungukiwi thawabu?

Jibu ni kwamba Islam hutofautisha kati ya taabu na maangamizi. Ni kweli Mtukufu Mtume s.a.w. alifundisha kwamba kutimiza udhu vizuri wakati ambapo nafsi yauchukia, kama katika baridi, ni miongoni mwa mambo yanayofuta makosa na kuinua daraja. Hiyo ni taabu, na katika taabu mna thawabu. Lakini Mungu huyo huyo aliyetuamrisha udhu ametukataza kujitia maangamizini kwa mikono yetu (2:196), na ametukataza kuziua nafsi zetu (4:30). Mwili ni amana. Mwenye kupewa amana hana ruhusa ya kuiharibu kisha akadai kwamba alikuwa akimtumikia mwenyewe.

BARIDI HUUAJE?

Yafaa kwanza tufahamu jinsi Mola alivyouumba mwili. Ndani ya mwili wa mtu mzima mwenye afya mna joto la nyuzi 37 hivi. Kiasi hicho hakibadiliki sana, awe mtu huyo yuko Konde au yuko katika barafu. Chakula tulacho ndicho kuni zake, na damu ndiyo inayolisambaza joto.

Joto hilo hutoka mwilini kwa njia nne. Hutoka kwa kugusa kitu cha baridi, kama vile kukaa juu ya jiwe au chuma. Hutoka kwa upepo, unaoipeperusha ile hewa ya uvuguvugu iliyo karibu na ngozi. Hutoka kwa kunururika kutoka kwenye ngozi iliyo wazi. Na hutoka kwa kukauka kwa maji, yaani jasho, mvua, au nguo iliyolowa.

Katika njia hizo, upepo na maji ndio maadui wakubwa. Hewa ikiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri, na upepo ukavuma kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huona kama kwamba ni nyuzi 33 chini ya sifuri. Katika hali hiyo ngozi ya uso yaweza kuganda katika muda wa dakika 10 hadi 30. Mtu aweza kugandwa na masikio akingojea basi tu.

Mwili ukipoteza joto kuliko unavyolitengeneza, huanza kujitetea. Damu hukimbia kutoka vidoleni na masikioni ikaenda kulinda moyo na ubongo, na misuli hutetemeka ili itoe joto. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, hatari imekwisha kuingia. Mtu huanza kujikwaa, ulimi huwa mzito, na akili huchanganyikiwa. Likizidi kushuka, kutetemeka hukoma. Hapo asiyejua husema, “Alhamdulillahi, amepata nafuu,” kumbe mwili umeshindwa. Kisha huja usingizi mzito, na mwishowe moyo hupoteza mwendo wake.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba akili huondoka kabla ya nguvu. Aliyezidiwa na baridi hajijui. Ukimwuliza, atasema hana neno. Kwa hiyo ni wajibu wa mwenzake kumtazama.

MAVAZI

Siri ya mavazi ya baridi si uzito wa nguo moja. Ni hewa inayozuiliwa kati ya nguo na nguo. Kwa hiyo huvaliwa tabaka tatu. Ya kwanza, inayogusa mwili, iwe ya sufu laini au ya kitambaa kisichoshika maji. Nguo ya pamba tuliyoizoea pwani haifai hapo, kwa kuwa hunywa jasho ikabaki imelowa, na nguo iliyolowa huunyonya mwili joto. Ya pili iwe nene ya kuhifadhi joto, kama sweta la sufu. Ya tatu iwe koti la kuzuia upepo na theluji. Mtu anapoanza kutoka jasho kwa kazi au kwa mwendo, afungue koti au apunguze nguo moja kabla hajalowa.

Kichwa, masikio na shingo vifunikwe. Glavu zinazoviweka vidole vinne pamoja hutia joto kuliko zile zinazokitenga kila kidole. Viatu visibane. Mwenye kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu chenye kubana huizuia damu, na miguu yake hupata baridi zaidi. Mtu ale chakula cha kutosha na anywe maji, kwani katika baridi kiu hujificha.

Wako wanaodhani kwamba kuvaa koti na suruali nzito za watu wa Ulaya ni kuiacha sunna. Na wakumbuke habari aliyoisimulia Mughira bin Shu'ba r.a. Katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijiria, Mtukufu Mtume s.a.w. alikuwa amevaa juba la sufu la Shamu, lenye mikono myembamba hata alipotaka kutawadha ilimbidi aitoe mikono yake kwa chini ya juba. Nguo ile ilikuwa ya nchi ya wageni, naye aliivaa. Sunna ni sitara, usafi na kiasi, wala haikutiwa katika mshono mmoja.

RUHUSA ZA MUNGU KATIKA IBADA

Sheria ya Islam ilikwisha kuifikiria baridi kabla hatujaenda ughaibuni. Nazitaja hapa ruhusa nne.

Ya kwanza ni kupaka juu ya soksi. Katika habari hiyo hiyo ya Mughira, Mtukufu Mtume s.a.w. hakuvua khofu zake, bali alipaka maji juu yake kwa kuwa alizivaa akiwa na udhu. Basi mwenye kuvaa soksi zake akiwa na udhu aweza kupaka juu yake, mkaaji wa mji kwa mchana na usiku mmoja, na msafiri kwa siku tatu na nyusiku zake.

Ya pili ni tayamamu, iliyotajwa katika Sura Al-Maida (5:7). Katika msafara wa Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 Hijiria, Amr bin Al-As r.a. aliamka na janaba katika usiku wa baridi kali. Akahofu kwamba akioga atakufa, hivyo alitayamamu akawaswalisha wenzake Alfajiri. Habari ilipofika kwa Mtukufu Mtume s.a.w., alimwuliza sababu, naye Amr akataja ile aya ya kutoziua nafsi. Mtukufu Mtume s.a.w. akacheka, wala hakumlaumu. Lakini angalia: ruhusa hiyo ni ya mwenye kuhofia madhara, asiye na njia ya kupasha maji moto. Mwenye maji ya moto bombani hana udhuru wa uvivu.

Ya tatu ni kuswali nyumbani. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar r.a. kwamba katika usiku wa baridi au wa mvua safarini, Mtukufu Mtume s.a.w. alikuwa akimwamuru mwadhini atangaze watu waswali pale walipo. Basi kijana ambaye njia yake imefungwa na tufani ya theluji, akiswali Alfajiri chumbani mwake, hakuasi.

Ya nne ni kujumuisha swala, ambayo waumini waifahamu, panapokuwa na mvua au dhiki nyingine ya njia.

Naongeza onyo moja. Atawadhaye na kutoka nje mara moja, hali ndevu, masikio na vidole vimelowa, hujitafutia madhara. Ajikaushe vizuri kwa taulo, ndipo atoke.

DALILI NA MSAADA WA KWANZA

Kuganda kwa viungo huanza kwa kuwasha na kuuma, kisha maumivu hukoma na kidole huwa kama si chako. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyeupe. Lakini katika ngozi nyeusi weupe huo hauonekani kwa urahisi. Mara nyingi ngozi hupauka rangi ya majivu au hung'aa kama nta, na ukiigusa huwa ngumu. Na uchunguzi uliofanywa katika majeshi ya Marekani na Uingereza umeonyesha kwamba askari wenye asili ya Kiafrika hupatwa na madhara haya zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo Mwafrika asimfuate rafiki yake wa huko anayetembea bila glavu.

Aliyegandwa na kidole asikisugue, wala asikipake theluji, wala asikiweke karibu na moto, kwa kuwa kidole kisichohisi huungua bila mwenyewe kujua. Aingie ndani, na ikiwa hakuna hatari ya kuganda tena, akitie katika maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, kisha aende hospitali.

Aliyezidiwa na baridi mwilini aondolewe penye upepo, avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe, na afunikwe kwa blanketi, kifua, shingo na kichwa kwanza. Akiwa macho na aweza kumeza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Asikandwe mikono na miguu, wala asitikiswe kwa nguvu, maana moyo uliopoa hushtuka upesi. Msaada uitwe bila kukawia. Simu ya dharura ni 999 katika Uingereza, 112 katika nchi za Ulaya, na 911 katika Canada na Marekani.

MAMBO MAWILI YANAYODANGANYA

La kwanza ni pombe. Watu husema hutia joto. Kwa hakika hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, mtu akaona vuguvugu, kumbe ni joto la moyoni linalomwagika nje. Tena huondoa akili ambayo ingemwambia arudi nyumbani. Hapa twaona ukweli wa maneno ya Kurani Tukufu kwamba madhara ya ulevi ni makubwa kuliko manufaa yake (2:220). Sigara nayo hubana mishipa ya vidole na kuharakisha kuganda.

La pili ni jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hili twalijua Afrika ya Mashariki, kwa watu wa nyanda za juu wanaolala na jiko wakati wa baridi. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya hewa safi katika damu. Mtu hulala asiamke. Hatari ni ile ile kwa anayekaa ndani ya gari linalounguruma huku bomba la moshi limezibwa na theluji. Mtukufu Mtume s.a.w. alitukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala, na agizo hilo lingali linaokoa roho.

BARIDI YA BAHARINI

Sasa nageukia wavuvi wa Kojani, Tumbe na Msuka, na kila mtu apandaye chombo kati ya Unguja na Pemba. Maji huchukua joto la mwili upesi kuliko hewa, takriban mara 25. Kwa hiyo maji ya nyuzi 25, ambayo muogeleaji huyaona matamu, humpoza polepole mtu anayekaa ndani yake saa nyingi. Na mvuvi aliyelowa usiku kucha katika upepo wa Kusi hupoteza joto vivyo hivyo. Mikono yake hulegea, nayo ndiyo inayoshika kamba na usukani.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi. Mamia walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu, na waliookoka walielea kwa kushikilia magodoro na vitu vingine mpaka wakaokolewa. Msiba ule haukuletwa na baridi. Lakini aliyemo majini akingoja msaada ana adui wawili, kuzama na kupoa, na yafaa awajue wote wawili.

Basi avaaye jaketi la kuokolea maisha, akitupwa majini mbali na pwani, asiogelee ovyo. Ayakunje magoti kifuani na abane mikono ubavuni. Wakiwa wengi wakumbatiane, watoto wakiwa katikati. Ikipatikana mbao au mtumbwi uliopinduka, apande juu kiasi awezavyo, hata kama upepo waonekana baridi kuliko maji. Asivue nguo zake, ila viatu vizito vinavyomvuta chini. Na mvuvi aendaye dago achukue nguo kavu ndani ya mfuko usiopenya maji.

DAWA YA UJINGA

Imepokewa kutoka kwa Jabir r.a. kwamba mtu mmoja safarini alipigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha akaota akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, madamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtukufu Mtume s.a.w. alipopata habari alikasirika sana. Aliwahesabu kuwa wao ndio waliomwua, na akasema kwamba wangeuliza walipokuwa hawajui, kwa kuwa dawa ya ujinga ni kuuliza.

Tazama, ndugu msomaji, wale hawakumtakia mwenzao shari. Walitaka atimize sheria. Lakini walimpa shauri bila elimu, naye akafa kwa shauri lao. Vivyo hivyo mzazi aliyeko Mkoani, anayempigia simu mwanawe ughaibuni na kumwambia, “Vumilia kama wanaume,” na aogope asije akawa mmoja wao. Heri amwulize: Una koti? Una viatu? Umekula? Nani akujuaye huko, ambaye usipofika atakutafuta?

Na wenyeji wa Jumuiya walioko nchi hizo wana wajibu wao. Katika vita vya Khandaki, mwaka wa 5 Hijiria, usiku wa upepo na baridi kali, Mtukufu Mtume s.a.w. alimtuma Hudhaifa r.a. kwenda kupeleleza habari za maadui. Hudhaifa asimulia kwamba katika kwenda kwake hakuihisi baridi, lakini alipokwisha kurudi na kutoa habari, baridi ilimshika. Ndipo Mtukufu Mtume s.a.w. akamfunika kwa ziada ya nguo aliyokuwa akiswalia, akalala mpaka asubuhi. Basi kijana ashukapo uwanja wa ndege na shati la mikono mifupi, mwenyeji asingoje aombwe. Ampelekee koti, amwonyeshe jinsi ya kulivaa, na amweleze habari hizi.

Seyidna Ahmad a.s., katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, alieleza kwamba hali za mwili zina athari kubwa juu ya roho. Asiyeutunza mwili wake hataweza kusimama muda mrefu katika ibada, wala katika kuwatumikia watu. Mungu hana haja ya vidole vyetu vilivyoganda. Anataka mikono mizima inyanyuliwe kwa dua na kwa kazi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, awape elimu yenye manufaa, na awarudishe kwa wazee wao salama. Amin.